Divai ya Chili imenifunga kwa wakwe

Ndugu zangu, mimi mwenye kunywa na magavana, leo divai imenikamata!

Tuko kwa wakwe, tunapanga ndoa ya Anjelani, mutoto ya dada yangu. Wakaleta chupa mbili za bei kidogo, ya Chili na ya Argentina. Nikajisifu: "Nitaonja, nitahukumu."

Bon, nikaonja ya Chili.

Siki kabisa!

Baba ya bwana-arusi ananikazia macho. Anjelani ananinongoneza mimi mjomba wake: "Tonton, meza! Ukitema, ndoa imekufa."

Nikameza. "Papa, hii iko tamu kupita ya wazungu!"

Akafurahi sana: "Alors maliza yote, tonton. Sisi tutavumilia ya Argentina."

Naandika na simu juu ya goti. Nusu chupa ingali imebaki. Wao wanakunywa ya Argentina, wanalamba midomo.

Semeni kweli, ninyi mungetema?