Jiko Lililoogopa Mwiko

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini Mhindi, Mjerumani na Mmexico wamekaa kwa uwanja wangu hapa Shinyalu wakiandika maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Anayetaka kuniita mwenye majivuno aniite. Atakuwa amesema kweli.

Kitu chenyewe kilikuwa gesi ya mavi ya ng'ombe. Watu wa mradi walileta mfuko mweusi mnene, mrefu kama mtumbwi, wakaulaza ndani ya mtaro nyuma ya boma la ng'ombe. Asubuhi unakoroga mavi na maji, unamwaga upande mmoja, yanachacha humo ndani, na gesi inapita kwa mpira mpaka jikoni. Mabaki yanatoka upande wa pili, unayapeleka kwa mahindi. Mfuko ulitoka Mexico, jiko lilitoka India, pesa zilitoka Ujerumani. Mavi yalitoka kwa ng'ombe wangu. Siku ya kufungua mradi watu wote walishukuriwa, mpaka mwenye kukodisha viti. Ng'ombe hakutajwa. Nikasimama nikamshukuru mimi mwenyewe.

Nyumba nyingi za huku zilipewa, lakini hakuna aliyeihitaji gesi ile kama mimi. Nimevuta moshi wa kuni tangu nikiwa msichana, na kifua changu kilikuwa kimeanza kulia kama mlango mbovu. Daktari alinisikiliza mgongoni akasema, "Mama, dawa yako ni kutoka kwa moshi. Usipotoka, mimi sina nyingine." Sasa mtu akiambiwa hivyo halafu aletewe jiko lisilo na moshi, ataona nini kama si mkono wa Mungu?

Siku ya kwanza nilipika chai. Moto ulikuwa wa bluu, hausemi kitu, na chai ilichemka kabla sijaona sukari iko wapi. Nikafurahi kama bibi arusi. Mchana nikaweka maji ya obusuma.

Obusuma wetu si uji. Ugali wa hapa unasongwa mpaka mabega yaume, mpaka sufuria iombe msamaha. Mafiga matatu yamekandikwa kwa udongo, hayaendi popote, kwa hiyo unapiga mwiko kwa nguvu zako zote. Hilo jiko lilikuwa jepesi, na juu yake kioo kinachong'aa. Nilipoanza kusonga, sufuria ikazunguka, jiko likateleza, likatembea mpaka ukingo wa meza. Nusu ya obusuma ilienda chini. Kuku walishukuru.

Dada ya marehemu mume wangu, ambaye ni jirani yangu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mulamwa," akasema, maana ndivyo tunavyoitana mawifi, "hapo unapika ama unacheza?"

"Badala ya kucheka, njoo ushike!"

Akashika masikio ya sufuria kwa kitambaa, mimi nikasonga. Tukamaliza tukitoka jasho.

"Sasa utakuwa unaniita kila siku ukisikia njaa?" akauliza. "Na mimi nikisonga kwangu, nani atanishikia?"

Basi chai na mboga zikawa za gesi, obusuma ukarudi kwa kuni. Na kikohozi kikarudi na obusuma. Nyumba zingine zilifanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu wenyewe, sitalisukumia mtu. Kwetu mgeni akikuletea kitu humwambii kibaya. Hata akileta kuku mgonjwa, unapokea kwa mikono miwili, akishaenda ndiyo unajua la kufanya. Kwa hiyo kila wenye mradi walipokuja na karatasi zao kuuliza kama jiko ni zuri, sote tulijibu, "Zuri sana! Mungu awabariki!" Kabla hawajafika tulikuwa tumefagia majivu, tumefunika mafiga kwa kikapu, na birika iko juu ya gesi inapiga mluzi.

Lakini wale watu si wajinga. Kwa mpira wa gesi walikuwa wamefunga kipimo, na kipimo hakina adabu za Kiluhya.

Asubuhi moja yule msichana wa kututafsiria, mtoto wa Kakamega mjini, alikuja kwangu na uso mzito. "Kukhu," akaniambia, maana ndivyo vijana wa huku wanavyomwita bibi, "wakubwa wanakuja Alhamisi. Kipimo kinasema mnapika chai peke yake. Wanaona watu wa hapa wamekataa gesi. Wakithibitisha, watang'oa mifuko wapeleke mahali pengine."

Nilikaa chini. Niliwaza lile neno la daktari, na kifua kikanijibu chenyewe.

Alhamisi wakaja, uwanja ukajaa. Mwanamke mmoja baada ya mwingine alisimama akasema tunafurahi sana, na makofi yakapigwa. Mjerumani alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Mhindi ndiye fundi aliyelibuni jiko, mwanamke mfupi mwenye miwani. Akanigeukia: "Na wewe, mama?"

Mulamwa akanivuta leso. "Sema asante ukae."

Nikasimama. "Jiko lenu linaogopa mwiko," nikasema. "Linakimbia kama bwana arusi aliyesikia mahari. Sisi tunapika chai juu yake, na obusuma tunasonganga kwa mafiga. Mafiga yenyewe yako pale, chini ya kikapu, na kila mkija tunayaficha kwa sababu tunaona haya. Mimi nataka gesi. Nataka kupumua. Lakini siwezi kula chai mpaka nife."

Msichana akamwambia Mhindi maneno kama manne hivi ya Kiingereza, kwa sauti ndogo.

"Wewe!" nikamwambia. "Yangu yalikuwa marefu. Hayo mengine umeyaacha wapi? Yatoe yote!"

Uwanja ukacheka. Msichana akaanza upya, akayatoa yote. Nilijua ameyatoa kwa sababu Mhindi alienda moja kwa moja mpaka kwa kikapu, akakiinua, akaweka kiganja juu ya figa. Lilikuwa bado na joto.

"Umetumaliza," mulamwa akanong'ona.

Mhindi akarudi, akasema kitu. Msichana akatafsiri: "Anasema kwao walilijaribu kwa maji, kwa wali na kwa dengu. Halikusogea hata kidogo."

"Wali haupigani na mtu," nikamjibu. "Mwambie aache kalamu aje asonge."

Na akaja! Akakunja mikono ya shati, nikampa mwiko, nikamwaga unga. Mara tatu nne hivi, sufuria ikaanza safari yake. Mmexico akaruka akashika sikio moja, Mjerumani akashika meza, miwani ya Mhindi ikajaa mvuke, na jiko bado linawasukuma.

"Eeh!" mulamwa akapaza sauti, amesahau haya zote. "Sasa ndiyo naona ushirikiano wa mataifa!"

Tulicheka mpaka Mjerumani mwenyewe akaketi chini. Alipoinuka, alipasua ile karatasi aliyokuwa anaandika. Wakakubaliana: hawataondoa kitu mpaka tujaribu jiko lingine. Lakini hilo nalo likishindwa, mifuko inaenda.

Wiki zilizofuata sikulala mchana hata siku moja. Mimi na Mhindi tulikuwa tunashinda kwa fundi wa kuchomelea vyuma huko mjini. Yeye anachora, mimi nakataa. La kwanza lilikuwa refu. Nikamwambia mwanamke hasongi akiwa amesimama kama polisi. La pili, meno ya kushika sufuria yalikuwa laini, yakapinda. Fundi akalalamika, "Mama, wewe unataka jiko ama unataka tingatinga?" Nikamwambia nataka kitu kisichonikimbia nikikasirika. La tatu likatoka: chuma kizito, fupi, meno matatu yanayoshika sufuria kama mafiga, na mikono miwili ya kubana masikio yake. Moto wa katikati ukabaki ule ule wa India, maana moto haukuwa na kosa.

Siku ya kulijaribu nilisonga obusuma wa watu wote waliokuja, sufuria kubwa ya matanga. Nilisonga kwa hasira za miaka yote ya moshi. Jiko lilikaa kama mlima. Nikaupindua obusuma kwa sinia, ukasimama, haukupasuka. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka barabarani, maana pikipiki zilisimama. Mhindi alinikumbatia, unga na jasho na vyote, na Mjerumani akatangaza kwamba mifuko inabaki na kila nyumba itapata jiko la namna hii.

Tulikula na ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume wa heshima, na wanaume wa heshima walikuwa wengi, wamekwisha kunawa. Mulamwa akaibeba sahani ya firigisi, akampita chifu, akampita Mjerumani, akaiweka mbele yangu. Nikaila yote. Sikumgawia mtu.

Sasa mwaka umepita na kwangu hakuna kuni. Kifua kimenyamaza. Michoro ya jiko letu wameipeleka nchi zingine za wasonga ugali, na juzi yule msichana alinijia na simu yenye picha ya papo hapo. Ndani yake mwanamke wa Malawi, amechutama mbele ya jiko jipya, nyuma yake majirani wamejaa wanamtazama. Alikuwa anazungusha mwiko polepole, kwa vidole, kama anaogopa kuliamsha.

"Anakusikia, kukhu," msichana akasema.

Nikachukua simu nikaileta karibu na mdomo.

"Songa, mama!" nikapiga kelele. "Usilihurumie! Songa!"

Sijui kama aliambiwa maana yake. Lakini nilimwona akicheka, akapiga magoti vizuri, akaushika mwiko kwa mikono miwili.