Misonobari ya Kilimani

Arlys Tjaden alikuwa msimamizi wa hifadhi za kaunti yetu, huku kaskazini mwa Iowa. Ukimkuta njiani ana matope hadi magotini, na ukimwuliza jina la jani lolote atakutajia. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kusitasita. Mpaka ilipokuja habari ya misonobari.

Misonobari hiyo ilifunika kilima kizima cha hifadhi. Haikuwa ya asili ya huku. Watoto wa shule waliipanda zamani, enzi ambazo upepo ulikuwa ukibeba udongo wa mashamba, nayo ikakua ikanyima nyasi za asili mwanga. Arlys alitaka ikatwe, kilima kirudie nyasi zake. Bodi ya hifadhi ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa maonyesho ya kilimo, kahawa ikachemshwa, watu wakajaa.

Mtu ambaye Arlys alimwogopa ni mzee Harm Eilers, kwa kuwa katika wale watoto wa shule ndiye pekee aliyebaki hai. Mzee akasimama, kofia mkononi.

"Kateni," akasema. "Mwalimu alitupandisha kile kilima na ndoo za maji mpaka mikono ikatoka malengelenge. Sijaipenda hata siku moja."

Ukumbi ukacheka. Arlys akashusha pumzi. Ndipo akasimama Loretta Vopalka, mwalimu mstaafu, yule yule aliyemfundisha Arlys majina ya nyasi alipokuwa msichana.

"Na bundi, mwanangu?" Loretta akauliza. "Kila majira ya baridi wanalala humo. Ukikata, waende wapi?"

"Lakini mama, si wewe uliyenifundisha kwamba kile kilima ni cha nyasi?"

"Nilikufundisha. Sikukwambia ufukuze watu."

"Bundi si watu, Loretta!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wewe Merle nyamaza, nilikufundisha hesabu na hukushika hata hiyo."

Bodi ikapiga kura: ikatwe. Arlys alirudi nyumbani kama aliyeshindwa, na hali ameshinda. Aliyemdhania adui amemtetea; aliyemtegemea amempinga. Alimwambia mumewe, "Sielewi nimekosea wapi," naye mumewe, akiendelea kula tambi zake, akamjibu labda hakukosea popote, na labda hilo ndilo tatizo.

Wakaanza kuikata misonobari wakati ardhi ilipoganda, ili trekta lisichimbue udongo. Dwight, mkandarasi wa misumeno, alifanya kazi haraka. Walipofika safu za juu, mti mmoja ulipotikisika, bundi wakatoka. Mchana kweupe, kundi zima, kimya kama vitambaa vilivyopeperushwa. Wakazunguka juu ya visiki, wakaenda kutua kwenye nyaya za umeme, wamebanana, wamekodoa macho.

"Zima!" Arlys akapiga kelele.

Dwight akazima. Arlys akawatazama bundi, akatazama kilima.

"Endelea," akasema. Msumeno ukanguruma. "Hapana, zima!"

"Bosi, huu si redio," Dwight akasema. "Nizime au niendelee?"

"Sijui."

Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo. Wakanywa kahawa kwenye lori, na hatimaye Arlys akawaambia safu za upande wa kaskazini ziachwe kama zilivyo.

Majira ya kuchipua wakachoma takataka za misonobari. Mwaka uliofuata, theluji haijaisha vizuri, kilima kikatoa maua ya asili, ya zambarau, yenye manyoya laini kama kifaranga. Hakuna aliyeyapanda. Loretta alikuja na fimbo yake, akapiga magoti kwenye ubaridi, akalia kwa furaha. Kisha akainuka, akajipangusa, akasema, "Bado nimekukasirikia," akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo akaja mzee Harm. Arlys akamkimbilia amwonyeshe maua. Mzee hakuyatazama. Alisimama katikati ya visiki.

"Mbona mmeikata?"

"Mzee wangu, si wewe uliyesema tuikate?"

"Nilisema, ndiyo. Na wewe ukanisikiliza kwa nini?" Akashika kisiki kimoja. "Dada yangu alipanda upande huu. Sikudhani patakuwa peupe hivi."

Arlys akamshika mkono, wakashuka taratibu, mzee akilalamika njia nzima kwamba yeye si wa kushikwa mkono.

Baridi ilipoingia, kwenye safu zilizobaki walirudi bundi wachache, si kundi. Bodi ilimwuliza Arlys kama walifanya vyema au vibaya. Akawaambia maua yapo, bundi wamepungua, na kwamba akilala huota kilima kina miti na akiamka hufurahi hakina, halafu chakula cha asubuhi hukiacha mezani. Mwenyekiti akakuna kichwa, akahamia jambo lingine.

Juzi kaunti jirani walimpigia simu. Nao wana misonobari, wanataka ushauri. Akawaambia waje kutembea kilimani maua yakiwa yamechanua, na warudi tena wakati wa theluji, ndipo wazungumze.