Damu Nyingi ya Mama

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilifika nyumbani Kathiani kwa likizo ya Aprili nikamkuta mama na tabia mpya. Akipanda kutoka shambani, alisimama kila baada ya hatua chache, akijifanya anakagua maharagwe. Nikampeleka zahanati. Kwetu mtu akichoka, jibu la kwanza ni kwamba damu imepungua, naye alikuwa ameshakunywa supu ya mboga za kienyeji mpaka akaichukia. Mpimaji akasema damu iko juu, hata ya kugawia wengine.

Nikafurahi kama mjinga. "Mwaitu, una damu ya watu wa milimani," nikamwambia mama yangu njiani. Mimi mwalimu wa baiolojia, nikamweleza kwa sauti ya darasani kwamba huko juu oksijeni ni kidogo, kwa hiyo mwili huongeza damu. Akaamini, akawatangazia majirani. Nami nikarudi Kithimani kwenye chumba changu kimoja, nikamwacha peke yake kama miaka yote tangu baba afariki, akipika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha.

Desemba midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Mjini Machakos, daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akanieleza polepole kwamba kilima chetu si kirefu kiasi hicho. Moshi wa miaka mingi ndio ulioharibu mapafu. Seli za mwili zilikuwa zikikosa oksijeni, figo zikatambua, zikapeleka habari kwenye uboho wa mifupa ili damu itengenezwe zaidi. Damu niliyoisifu ilikuwa ni mwili ukiomba hewa, na sasa imekuwa nzito, moyo unachoka kuisukuma. Niliona aibu ambayo haijaniisha mpaka leo.

Daktari akaagiza mama asipike tena kwenye moshi, asibebe maji, wala asikae peke yake. Akamuuliza anaishi na nani.

Mama hakunitazama. "Niko na huyu," akasema, akinishika mkono wa shati.

Sikumkanusha. Daktari akaandika. Likizo yote nilimpikia nje, nikamchotea maji, na hatukulizungumza jambo lile hata siku moja. Januari shule zilipofunguliwa nilirudi Kithimani, na mama akabaki Kathiani peke yake.