Punje Kumi na Tano

Karani wa chama cha kuweka na kukopa pale Chimala ana kalkuleta, ila anaiamini kidogo kuliko kikombe chake cha mchele. Vidole vyake ni vinene kama ndizi mzuzu, anachota punje mojamoja, na kabla ya kusema chochote hukohoa kama mtu anayefungua mkutano. Ng'washi alikwenda kulipa laki yake ya mwezi, akaropoka kwamba laki tano za deni lililobaki anazo nyumbani, zimelala ndani ya gunia zikingoja zamu. "Na wewe unazilipia pango," karani akasema. "Pango gani, kaka? Riba si ileile?"

Karani akakohoa. Akapanga punje mezani: sita za mwezi huu, tano za mwezi ujao, kisha nne, tatu, mbili, moja. "Kila punje elfu mbili. Riba yetu inahesabiwa kwa deni lililobaki. Ukimaliza leo unatoa hizi sita tu. Hizi kumi na tano, elfu thelathini, ni zako." Katika punje hizo Ng'washi akaiona sare ya shule ya mwanawe imelala pale mezani. "Sasa mshahara wako utatoka wapi?" "Kwa wanaolaza pesa kwenye magunia. Mko wengi." Ng'washi akapanda bodaboda, akarudi na pesa zina vumbi la pumba. Karani akafuta deni, akamsogezea punje zake. Zilikuwa kumi na nne. Foleni ikanung'unika, karani akapiga magoti chini ya meza, akikohoa, mpaka akaipata ya kumi na tano.