Gari la Kuchinja

Mafundi wa kwetu Tanga husema gari linachinjwa. Likichoka bodi na injini bado nzima, hununuliwa kwa bei ya kutupa, likafunguliwa nati moja moja, na viungo vyake vikahamia kwenye gari jingine. Neno hilo nimelisikia miaka yote kwa mume wangu, aliyekuwa fundi kabla hatujaja Birmingham na yeye kuajiriwa kutengeneza mabehewa ya treni kule Tyseley. Halikuwahi kunisumbua. Sasa likitajwa natoka chumbani.

Mwanangu wa kiume alinunua gari ambalo si gari. Lililetwa na lori likiwa chesisi ya mabomba ya chuma pamoja na maboksi ya vipande vya faiba, vyepesi kiasi kwamba hata mimi niliinua madigadi kwa mkono mmoja. Injini hakuna, giaboksi hakuna, difu ya ekseli ya nyuma hakuna, hata usukani hakuna. Hivyo vyote ulitakiwa uvitoe katika gari jingine, utakalolichinja. Nikamwambia, "Baba, umeuziwa kitanda hapa." Alicheka mpaka kifua kikaanza kumbana, akavuta dawa yake ya pumu, akacheka tena. Tulikuwa na banda la kukodi nyuma ya nyumba zetu za Sparkhill, na humo wakawa wanaingia yeye na baba yake kila Jumapili, kubishana.

Walibishania gari la kuchinja. Baba mtu alitaka mambo ya Tanga: injini nzuri itoke hapa, giaboksi nzuri itoke kule, difu uiokote popote. "Tulikuwa tunaunga Mjapani na Mwingereza," alisema, "na gari linapanda Lushoto." Mtoto akamjibu kwamba huku kila kitu kitoke kwenye gari moja, maana likiisha kujengwa serikali italikagua, itaisoma namba iliyochongwa kwenye injini, na itataka kadi ya gari lililochinjwa. Mume wangu aliona huo ni uvivu wa kizazi cha makaratasi. Alipomwuliza amechagua gari gani, mtoto alisema tu, "Mtaona."

Mwanangu alifariki Novemba. Kifua kilimbana asubuhi akijiandaa kwenda kazini, na watu wa ambulensi walipopanda ngazi zetu nilijua, kwa jinsi walivyoacha kukimbia, kwamba hawana la kufanya. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimempigia pasi shati. Sitasema zaidi kuhusu asubuhi hiyo.

Kwetu vitu vya marehemu havikai. Baada ya arobaini vinagawiwa, avae anayehitaji, na thawabu zimfikie mwenyewe. Mimi ni mtu wa haraka. Mume wangu husema nafagia watu wakiwa bado wanakula. Siku ile ile ya arobaini niligawa makoti, viatu, saa na simu. Na nikaligawa gari lake. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la watu wawili, rangi ya buluu, lenye paa la turubai, alilolinunua tangu yuko chuo kikuu. Nilimwuliza mume wangu, akatikisa kichwa kukubali. Siku zile ungemwuliza chochote angetikisa kichwa.

Nilimpa jirani yetu, Mkongo wa Goma, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkewe figo zimekufa, anakwenda kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na walikuwa wanabadilisha mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, mwanamke anatetemeka kituoni. Nikamwekea jirani ufunguo mkononi mbele ya watu, nikasema hii ni sadaka ya mwanangu. Wanawake wakanisifu, kutoa ni moyo, si utajiri. Nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba niliona kuna kitu nimemfanyia mtoto wangu.

Ilipita miezi miwili kabla mume wangu hajafungua tena lile banda. Alirudi na daftari la miraba, akaliweka mbele yangu mezani, juu ya mchele niliokuwa nachambua. Lilikuwa la mtoto, kwa mwandiko wake, kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza aliandika kwamba gari la kuchinja ni lake mwenyewe, lile la buluu. Chini yake akaeleza: injini nzima, giaboksi nzima, difu nzima, bodi inaliwa na kutu chini ya milango na haitavuka ukaguzi mwingine. Klachi alikwisha kuibadilisha ili injini iingie kwenye gari jipya ikiwa tayari.

"Tulipaswa tufungue hili kwanza," mume wangu alisema.

Alisema tulipaswa. Mimi nilisikia ulipaswa, na nilimchukia kwa kutwa nzima kwa neno ambalo hakulitamka.

Akaamua atalimaliza gari la mtoto, kwa hiyo ikabidi tutafute jingine la kuchinja. Tulikwenda Northfield, kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekuwa na gari la aina ile ile, jekundu, limetunzwa ndani. Mume wangu aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Alisikia mgongo wa chini, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ukigonga. "Inatengenezeka," alisema, "na kadi anayo." Mwalimu akatuletea chai. Mimi nilitazama vile viti visafi visivyo na chembe ya krispi, alizokuwa akizimwaga mwanangu kwenye vyake, nikasema hapana, rangi siipendi. Mume wangu akanitazama. Rangi ya bodi inayotupwa, mimi nasema siipendi.

Tukaenda yadi moja ya vyuma chakavu Tyseley. Kulikuwa na injini peke yake juu ya ubao, imesafishwa inang'aa, lakini namba imekwanguliwa na kadi haijulikani ilipo. Tanga angeibeba siku hiyo hiyo. Aliishika, akaizunguka, akafuta mkono kwenye suruali.

"Haina kwao hii," alisema.

Nikaona na nyingine nne, na zote nikazitia ila, mimi nisiyejua plagi ni nini. Tukiwa tunarudi kwa basi, Stratford Road imejaa magari hatusogei, aliniambia bila kunigeukia, "Wewe hutafuti injini, mama watoto. Unamtafuta mtoto." Nilihesabu maduka ya vitambaa mpaka tukashuka.

Aprili jirani alibisha hodi. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, bonjour. Nakuja na habari mubaya. Ile gari imeanguka contrôle. Chini yote ni kutu, mutu wa garage anapitisha kidole. Siku ya ine watakuja kuibeba, waende kuiponda." Contrôle kwao ni ukaguzi, na siku ya ine ni Alhamisi. "Lakini moteur iko muzima kabisa, mama. Mutoto alikuwa najenga ile ingine, najua. Muikamate. Sitaki kitu, hata moja."

Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti. Mume wangu alikuwa amekwisha kutoka na ndala zake kwenye baridi, anafungua boneti. Akaingia, akaliwasha. Nilikuwa sijalisikia kwa karibu, jirani alikuwa akiliegesha ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mitano mlio ule ndio ulioniambia nipashe chakula moto, na miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea jikoni. Mume wangu alikaa usukanini kitambo, akalizima, akatoka, akamshika jirani mikono yote miwili.

"Ahsante sana, ndugu yangu," alisema. "Lakini hatuwezi."

Jikoni nilimpandishia sauti. Alisubiri nimalize.

"Sadaka hairudi," alisema. "Uliyempa akikuuzia hununui, akikupa hupokei. Ulifundishwa hayo chuo cha Kurani hujaota meno ya pili."

"Linaenda kupondwa! Mungu anapata nini likipondwa?"

"Mungu hapati kitu. Mtoto ndiye anayepata. Tulisema thawabu zimfikie. Sasa ukilirudisha, unamnyang'anya nani?"

Hapo nilipanda juu, nikafungua kabati, nikashuka na kadi ya gari. Niliiweka mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Jina lilikuwa bado la mtoto. Nikamwambia basi sadaka yenyewe haikutimia, serikali inajua gari ni lake, na chake ni chetu.

Inabidi nieleze kadi ile ilikuwaje kabatini. Nilipotoa gari nilimwahidi jirani kwamba kadi inakuja. Kuibadilisha kulitaka barua ya ndugu wa marehemu, na kila wiki nilimwambia jirani wiki ijayo. Alikata bima yake mwenyewe na kwa adabu akaacha kuuliza. Barua za ushuru wa barabara zikaendelea kuanguka mlangoni kwetu zikiwa na jina la mwanangu. Nilizifurahia. Karatasi ya ndani nilimpelekea jirani alipe, bahasha nikabaki nazo. Ninazo bado.

Mume wangu aliigeuza ile kadi huku na huku.

"Ulimkabidhi ufunguo mbele ya watu," alisema. "Amempeleka mkewe hospitali miezi hii yote. Sadaka ilitimia siku ile. Kwa kuishika hii hapa umemdhulumu." Alisema kwa upole. Ningependa angefoka.

Jumatano alimpigia simu mwalimu wa Northfield. Gari jekundu lilikuwa bado lipo. Ataifungua injini, alisema, ataushughulikia ule mgongo unaogonga, na kadi itakuja na gari lake. Hakuniuliza kuhusu rangi.

Alhamisi nilibaki ndani. Lori lilikuja kabla ya saa sita, na kupitia pazia nikaona mnyororo ukipitishwa chini ya lile gari la buluu. Kisha kazi ikasimama. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa kilicho karibu na ulimi, alichungulia jikoni.

"Mum, they need the logbook. Baba anasema ulete hiyo kadi. And a letter, because it's still in his name."

"Mwambie baba yako aandike hiyo barua."

"Amesema you have to."

Karatasi zote za kifo aliziandika mume wangu. Za hospitali, za makaburini, za benki, zote alikaa nazo yeye, nami nikitia sahihi nilipoonyeshwa, macho pembeni. Nilikuwa sijawahi kuliandika jambo lile kwa mkono wangu. Kila niliposema wiki ijayo, ndilo nililokuwa nalikimbia. Injini ya lori ilikuwa inanguruma nje. Mke wa jirani alikuwa amesimama mlangoni kwao, amejifunika kitenge, ameegemea fremu, na jioni ile alikuwa na zamu ya hospitali, bila gari, na bado hakuna mtu aliyekuja kunihimiza.

Binti yangu alinipa kalamu. Nikaandika jina lote la mwanangu, na la baba yake, na la babu yake, ingawa hawakuuliza. Nikaandika kwamba mimi ni mama yake. Dereva akapiga honi mara moja. Nikaandika kwamba amekufa, na tarehe, nikatia sahihi, nikatoka nje na ndala kuwapelekea.