Nyuma ya Jiko

Siku zile tulipokuwa tunamalizia kununua nyumba yetu ya kwanza pale Karatu, nilikuwa nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya Nainokanoka, huko juu hifadhini, mahali ambapo unaanika shuka asubuhi na kuianua jioni ikiwa bado mbichi kwa ukungu. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mjini Karatu, amepanga chumba nyuma ya stendi. Tangu tufunge ndoa tulikuwa tukiishi hivyo, mimi kwenye nyumba ya watumishi huko juu, yeye kwenye chumba chake huku chini. Kila mapumziko yangu yalianza kwa kusubiri gari barabarani na yakaishia kwa kusubiri gari barabarani.

Ndani ya hifadhi huwezi kujenga chako. Nyumbani kwetu Kilimanjaro kaka zangu walishagawana kihamba, shamba la ukoo, na mimi ni binti niliyeolewa. Kwa hiyo mume wangu aliposikia kuna mzee anauza nyumba upande wa juu wa mji, alinipigia simu nikiwa kazini, nikamwambia aende akaione hata kabla hajamaliza kueleza.

Haikuwa nyumba ya kumringishia mtu. Matofali ya kuchoma, bati lililopauka, sebule na vyumba viwili, na jiko la nje lenye kuta nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Lakini ilikuwa na bomba uani na mparachichi mkubwa mbele. Mume wangu alipoingia sebuleni mara ya kwanza tukiwa pamoja, alisimama katikati, akanyoosha mikono pande zote mbili, akageuka kunitazama.

"Ona," akasema. "Sigusi ukuta."

Waliokuwa wanauza ni mzee mmoja wa Kiiraqw na mkewe. Macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na binti yao aliyeolewa Kansay alikuwa amewaita wakaishi naye. Mazungumzo yote yalikuwa ya mzee. Mkewe alituletea chai ya maziwa, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akatusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Tulikubaliana upesi. Kilichochelewa ni kumaliza. Wakili alituambia hatutasaini mpaka mwenyekiti wa kitongoji na majirani wapite kwenye mipaka na kuthibitisha. Nikaomba ruhusa, nikashuka, nikakuta mwenyekiti ana msiba. Nikashuka tena, mzee yuko kliniki ya macho. Mara nyingine wote walikuwepo, ila mvua ilinyesha hadi njia ya kwenda kule ikawa utelezi mtupu, na jirani mmoja akasema hawezi kukanyaga tope lile kwa ajili ya shamba la mtu. Kila safari nilipanda kurudi kazini nikiwa sijafanya lolote, nimeegemea dirisha la gari, na wagonjwa wananisubiri kwenye benchi la zahanati. Ilifika mahali nikamwambia mume wangu kwamba nyumba yenyewe sitaki tena, nataka kulala tu.

"Vumilia kidogo," akasema. Naye alikuwa amekonda.

Hatimaye ikapatikana asubuhi moja ambayo kila mtu alikuwepo. Tulitembea mwenyekiti mbele, majirani wawili, mzee ameshikwa mkono na mume wangu, mimi nyuma. Tukafuata uzio wa minyaa, tukashuka hadi kwenye miti ya migrevilea, tukazunguka. Hakuna aliyebisha. Tulipofika nyuma ya jiko, mume wangu alishindwa kujizuia. Aliokota kijiti akachora duara kubwa kwenye udongo.

"Hapa ndipo nitachimba shimo la choo cha ndani," akasema. "Udongo wake laini. Siku moja tu."

Hapo ndipo nilipomwona yule mama, mke wa mzee. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa jiko, ameshika ncha ya khanga yake mdomoni. Jirani wa upande wa juu, mwanamke wa makamo, alimtazama, kisha akamtazama mzee.

"Kwani hamjawaambia?" akauliza.

"Kuambiwa nini?" mume wangu akasema.

Jirani akashusha sauti. "Hapo kuna mtoto wao."

Mume wangu alirudi nyuma hatua moja, kijiti bado mkononi. Pale chini hapakuwa na msalaba wala tuta. Palikuwa na udongo mwekundu uliofagiliwa vizuri, na mawe machache ambayo mgeni angedhani ni ya kukalia.

"Ni mambo ya zamani," mzee akasema. "Miaka mingi imepita. Nyumba haina tatizo."

"Mzee, hili ulipaswa kusema," mwenyekiti akamwambia, kwa upole lakini bila kuzunguka. Akatueleza kwamba kaburi linaweza kuhamishwa, ila lazima kibali kiombwe na afisa afya awepo, na ukoo ukubali. Au libaki, tukubaliane wenyewe kwa maandishi. Au tuache. Akasema atasubiri chini ya mparachichi.

Mume wangu alinivuta pembeni. Alikuwa na hasira ambayo sikuizoea. "Wametudanganya. Tuondoke. Nyumba ziko nyingi."

Niligeuza ndoo iliyokuwa pale nikaikalia. Nilikuwa nimetoka zamu, nimesafiri asubuhi ileile, miguu imevimba ndani ya viatu. Nilijua kwamba tukiondoka tutaanza upya, nyumba nyingine, mwenyekiti mwingine, majirani wengine, na mimi nikishuka na kupanda. Na nilijua pia kwamba sikutaka kuishi mahali ambapo ningeogopa kumwaga maji. Nilikaa hivyo mpaka nikagundua kwamba yule mama ameingia jikoni peke yake. Nikanyanyuka nikamfuata.

Alikuwa anapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

"Pole, mama," nikamwambia.

"Nimepoa, mwanangu. Keti."

Nikaketi. Akaendelea kuutazama moto. "Alikuwa wa kike," akasema. "Alikuwa ameanza kusimama, anashika hiki kigoda. Ilikuwa surua. Mvua kama hizi, gari halipiti, baba yake akambeba mgongoni kwenda hospitali. Walirudi kabla hawajafika."

Nimepokea watoto wengi, na wengine nimewafunga shuka nikawakabidhi mama zao wakiwa hivyo. Nilidhani nimezoea.

"Alikuwa anapenda joto," mama akasema. Akagusa ukuta mweusi kwa kiganja. "Ndiyo maana tulimweka hapa upande wa pili. Moto ukiwaka, ukuta unapata joto hadi nje."

"Kwa nini hamkutuambia, mama?"

"Alikuja mnunuzi mwingine kabla yenu. Mzee akamwambia. Hakurudi. Sasa mzee haoni vizuri, mimi magoti hayafai, binti anatuita kila wiki. Akasema safari hii tunyamaze. Mimi nikanyamaza." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Msimfukue. Mimi sitaki kingine. Pasichimbwe choo hapo, na mniache nije siku moja moja."

Nilimwambia kwamba kwetu Kilimanjaro baba yangu amelala kihambani, karibu sana na mlango, na tukiwa tunaanika kahawa tulikuwa tunamzunguka kama mtu aliyesinzia. Nikamwambia mimi siogopi. Nikiwa nasema hivyo nikaona kwamba ni kweli, na kwamba nilichokuwa nakihofia ni zile safari za barabarani tu.

Kumshawishi mume wangu kulinichukua muda. Sikubishana naye. Nilimweleza habari ya ukuta na joto, naye akaenda akasimama mbele ya mawe yale, mikono mfukoni. Baadaye alizunguka nyumba yote polepole akitafuta mahali pengine. Palikuwepo mahali pamoja tu, upande wa barabara, na pale chini kulikuwa na mwamba.

"Nitachimba mpaka nizeeke," akasema. Kisha akamwendea mzee chini ya mparachichi, akachuchumaa mbele yake. "Baba, shimo tunahamishia kule. Mtoto atabaki. Lakini kama kuna jambo lingine, niambie sasa."

"Bati la chumba cha nyuma linavuja," mzee akasema. Mwenyekiti akacheka, na jirani naye akacheka, na mzee mwenyewe akawa anafuta macho yake mabovu kwa mkono wa koti.

Kwa wakili, mkataba ukaongezwa kipengele cha kaburi. Mama aliomba kisomwe, kikasomwa, akaomba kisomwe tena. Ndipo akasaini, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Nilipopewa funguo nilitarajia nitajisikia kitu kikubwa. Nilijisikia njaa. Tulikula ndizi na nyama kwenye mgahawa ulio karibu, na mume wangu alisinzia kwenye kiti akisubiri chai.

Walihama kwa pikapu iliyokuwa inakwenda Kansay, vitu vyao vikiwa vichache kuliko nilivyodhani. Kigoda walikibeba. Mimi sikulala kwenye nyumba yangu siku ile. Kesho yake nilikuwa na zamu, nikarudi juu.

Kazi ya mwamba ilimchukua mume wangu miezi. Alikuwa akinipigia simu jioni kuniambia ameondoa jiwe la namna gani, na nilimsikia akipumua kama mgonjwa wangu wa pumu. Nilipopata likizo nilikwenda kupanda masale kuzunguka yale mawe, kama tunavyofanya kwetu makaburini, nikamaliza nikaingia ndani, nikalala mchana kutwa, siku baada ya siku, kama mtu aliyepewa dawa.

Siku moja nikiwa nimelala hivyo, yule mama alikuja. Ilikuwa baada ya mavuno, na mume wangu akataka kuniamsha. Mama akamkatalia. Akamwambia aache mtu apumzike, yeye amekuja tu kukaa. Akaketi nyuma ya jiko mpaka jua likageuka, akawasha moto mwenyewe, akapika chai akanywa. Nilipoamka alikuwa ameshapanda gari la kurudi Kansay. Mezani kulikuwa na mbaazi ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, na huko nje masale yalikuwa yamemwagiwa maji. Mume wangu alisema mama ameuliza kama bati bado linavuja, naye akamjibu kwamba linavuja.