Kunyamaza Hadi Faili Ifike Opala

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, mkuu wetu wa mawasiliano, aliniketisha mbele ya phonie, redio yetu ya kuongea na vituo vya mbali, akaniambia nisiguse kitu. Niligusa kabla hajafunga mlango. Ndivyo nilivyo, sijui kutulia, na ninyi vijana mnaodhani kazi ya fundi ni kukaa kitini mnanichekesha.

Nilipelekwa Yanonge, nikarudi Kisangani. Phonie zikaondoka, kompyuta zikaja. Mwishowe nikawa fundi wa shirika moja la afya, chini ya Directeur mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Kila hospitali ndogo ilikuwa na simu yetu moja. Simu hiyo ndiyo iliyopiga hodi kwenye seva yetu mjini na kuacha njia wazi, nasi tukapita humo kuingia ndani yake, tukiandika amri bila kuona kioo chake. Kwa amri hizo tulituma faili.

Kisha mashine ya oksijeni ikaharibika katika hospitali ya Opala. Aliyekuwa akiitegemea ni mjukuu wa Directeur, mtoto mchanga, na chupa ya akiba ilikuwa inaelekea kwisha. Infirmier, muuguzi wa huko, alikuwa tayari kuifungua mashine, ila alihitaji video ya kumwonyesha namna ya kuitengeneza.

Nikatuma, ikakatika. Ufunguo wa kuingilia ulikuwa sawa, nafasi ndani ya simu ilikuwepo. Nikaacha amri inayoanza upya kila mara, nikachukua ile inayoendelea pale ilipoishia. Ikatembea kidogo, ikakatika tena. Nikawa nazunguka meza kama kichaa. Directeur alikuwa barazani, simu sikioni.

"Imefika?" akauliza dirishani.

"Bado, Papa Directeur. Iko inakatika tu."

Akapiga tena Opala, kwenye simu yetu ileile. Alipotamka "Allô", faili ikasimama mbele ya macho yangu. Mtandao wa Opala ulikuwa wa zamani: simu ikiongea, haipokei kitu kingine. Na kwetu mgonjwa lazima aulizwe hali na ukoo mzima. Asiyepiga simu ana roho mbaya.

"Papa, ni weye uko unaikata! Weye na bandugu bote."

"Mie? Mie niko nauliza mutoto tu!"

"Usiulize. Leta simu."

"Donc niikale hapa tu, bila kujua kama iko muzima?"

"Eh, Papa. Ikala."

Akawapigia ndugu zake mjini, akawakataza kupiga Opala, kisha akanipa simu. Ukoo uliposikia hivyo ukajua mtoto amekufa na wanafichwa. Shangazi za mtoto wakaja na mikeka ya matanga, wakaanza kulia uani kwetu. Directeur hakuwafukuza. Alikaa akitazama mstari wa faili ukisogea kwenye kompyuta yangu, machozi yanamtoka. Niliogopa sana, kwa maana kama wao ndio waliokuwa sahihi, mimi ndiye niliyemzuia kuuliza.

Faili ikafika. Tukaendelea kunyamaza, infirmier afanye kazi. Simu ilipolia, niliisikia mashine ikinguruma kabla ya mtu kusema neno, na kilio cha mtoto juu yake. Nikampa Directeur simu. Akaitoa dirishani, ili shangazi nao wasikie.

Sasa nimestaafu. Binti yangu yuko Isangi, ameingia chumba cha kujifungulia tangu asubuhi. Najua mkunga ana kazi, najua nikimsumbua sisaidii kitu.

Nimekwisha kupiga, na nitapiga tena.